Historia Fupi ya Klabu ya Dirisha Namba Moja

Nimeagizwa na Wizara ya Wazee, Michezo na Mambo Mengineyo niandike historia ya klabu yetu, isizidi kurasa nane, na picha ya Mheshimiwa Waziri iwe ukurasa wa kwanza, wa nne na wa mwisho. Nimetii. Nimeagizwa pia nianzie siku Mheshimiwa alipoizindua klabu. Hapo sijatii, kwa sababu siku hiyo klabu ilikuwa na umri wa miaka minne na ilikwisha kuzika wanachama kumi na tisa. Wakitaka kukifuta kipande hiki, kalamu wanayo.

Jina la nchi yetu sitalitaja. Inatosha kusema kwamba ina bendera, wimbo, mawaziri hamsini na watatu, na hospitali moja yenye mashine ya kupasulia macho.

Nchi hii inawapenda wazee. Hilo liko kwenye sheria: mtu yeyote aliyetimiza miaka sitini atatibiwa bure katika hospitali ya serikali, ilimradi aonyeshe Kadi ya Uzee. Mvi si ushahidi. Kukosa meno si ushahidi, wala kutembelea mkongojo. Ushahidi ni kadi, na kadi inatolewa na Idara ya Uthibitisho wa Uzee, Dirisha Namba Moja. Jengo la Idara lina madirisha tisa. Namba Moja ni la kweli. Yale manane yamechorwa ukutani kwa rangi ya mafuta, na yalizinduliwa yote siku moja katika kampeni ya kupunguza foleni.

Mwombaji anatakiwa kuleta picha mbili, barua ya mjumbe wa mtaa, na shahidi aliyekuwepo siku ya kuzaliwa kwake, awe hai na mwenye akili timamu. Mimi shahidi wangu alikuwa shangazi yangu, mwenye miaka tisini na moja, tuliyemleta kwa mkokoteni. Aliapa kwamba aliniona nikizaliwa, tena kwamba nilizaliwa nimelala usingizi. Karani wa dirishani, Bwana Mlekwa, alimsikiliza kwa adabu zote, kisha akamwuliza, "Shikamoo bibi. Na wewe kadi yako ya uzee iko wapi?"

Shangazi hakuwa nayo. Tukapanga foleni wote wawili.

Foleni ilikuwa imezunguka jengo na dirisha lilifunguliwa saa mbili kwa siku. Tulifanya wanavyofanya watu wetu bombani na zahanatini: kila mtu aliweka jiwe kushika nafasi yake, akaenda kukaa kivulini. Lakini mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka thelathini na sita, na siwezi kuvumilia watu wamekaa pamoja bila kanuni. Nilinunua daftari lenye jalada gumu, nikaandika kwa wino:

Kanuni ya Kwanza. Jiwe lililo mbele liko mbele, liwe la nani.

Kanuni ya Pili. Jiwe halisogezwi ila na mwenyewe.

Kanuni ya Tatu. Jiwe halipitwi ila kwa ridhaa ya mwenyewe.

Niliwasomea wenzangu, wakapiga makofi. Wakanichagua katibu hapohapo, na tangu siku hiyo jina langu, Daudi Mbonde, halikutumika tena. Nikawa Mwalimu Katibu. Sikuficha furaha yangu. Mtu akistaafu hapewi tena cheo, na mimi nilikuwa nimepewa.

Jiwe lililotangulia langu lilikuwa limevaa shati. Nasema kweli. Shati dogo la khaki, la kitambaa cha sare za shule, lenye kola na kifungo kimoja. Mwenyewe alikuwa Bi Mashavu, aliyeshona sare katika kiwanda cha serikali mpaka kiwanda kikageuzwa ghala la viti vya mikutano. Nilimwuliza kwa nini analivisha jiwe.

"Ili nilijue kwa mkono," akasema. "Macho yangu yameanza kuona moshi, Mwalimu. Daktari kanambia ni mtoto wa jicho. Anatoka kwa dakika ishirini tu, nikiwa na kadi."

"Na bila kadi?"

"Bila kadi nilipe, nami sina. Na kanambia nisikae naye sana. Akikaa sana analeta presha ya jicho, na hapo hakuna cha daktari."

Hakuwa na jambo jingine maishani alilolitaka zaidi ya kutunga uzi mwenyewe kwenye sindano. Alikuwa amechoka kuwaomba wapita njia. Nilimhakikishia kwamba foleni yetu ina utaratibu mzuri.

Michezo ilianzishwa na Mzee Lihepa, mstaafu wa zimamoto, baada ya kuona miguu ya watu inavimba kwa kusubiri. Alipuliza filimbi yake ya kazini, akatuamuru tupige miguu chini. Tukapiga. Kesho yake akatuamuru tuzunguke jengo mara moja, mawe yakiwa yametushikia nafasi. Baada ya mwezi tulikuwa tunazunguka mara tatu, na baada ya mwaka tulikuwa na timu mbili za mpira, Walio Mbele na Walio Nyuma, zinazocheza kila Jumamosi. Timu hazikuwa na wachezaji wa kudumu, maana mtu akisogea kwenye foleni alibadilisha timu, na shangazi yangu, aliyekuwa mwamuzi akiwa juu ya mkokoteni, alipiga kelele, "Wewe mbona jana ulikuwa wa huko?"

Shangazi alifariki mwaka wa pili. Ndugu walipomaliza kuzika walikuja kuchukua jiwe lake, tukawaomba watuachie. Tulikuwa hatuna magoli. Jiwe lake likawa mlingoti wa kushoto. Wa kulia ulipatikana wiki ileile, na goli la pili halikutuchukua muda. Kufikia mwaka wa nne mawe ya marehemu yalikuwa yametosha kuweka pembe zote na mstari wa katikati. Wageni waliusifu uwanja wetu kwa jinsi ulivyopangwa vizuri.

Na hapo ndipo, kwa mujibu wa Wizara, historia inapoanza.

Mheshimiwa Kidevu, Waziri wetu, alikuwa akipita na msafara wake wa magari kumi na saba akaona wazee mia mbili wanakimbia. Akadhani ni maandamano. Askari wakateremka na marungu, wakakimbia nasi mzunguko mzima wakituuliza tunadai nini, na kwa kuwa tulikuwa tunahema hatukuweza kujibu. Walipochoka wao, ikabainika kwamba ni mazoezi. Mheshimiwa alishuka garini. Alikuja na mpigapicha.

"Wazee wangu!" akasema, ingawa wengi wetu tulimzidi mwaka mmoja au miwili tu. "Katika nchi za wenzetu mzee yuko wapi? Yuko kitandani! Amelazwa! Anakula bajeti! Wa kwetu yuko wapi? Yuko mbioni! Nani aliyewaweka wazee hawa mbioni? Ni Serikali yenu! Je, kuna mtu mwenye la kusema?"

Bi Mashavu aliinua mkono. "Mimi, mwanangu. Tunaomba dirisha lifunguliwe siku nzima."

"Mmemsikia mama huyu?" Mheshimiwa akageukia kamera. "Siku nzima! Ana nguvu za siku nzima! Naagiza klabu hii isajiliwe leo, na kila mwanachama apewe jezi."

Jezi zilikuja, za rangi ya chama, zenye sura ya Mheshimiwa kifuani. Kilichokuja baada ya jezi ni waraka. Ulisema kwamba watu wenye afya ya namna hii ni dhahiri hawana haraka ya kutibiwa, hivyo Dirisha Namba Moja litafunguliwa mara moja kwa mwezi na kutoa kadi moja. Ulisema pia kwamba Serikali haiwezi kumpa kadi ya uzee mtu asiye mzee. Kabla ya kufika dirishani kila mwombaji atazunguka jengo akipimwa kwa saa. Atakayetumia chini ya dakika tano ni kijana, arudi mwisho wa foleni akaendelee kukua.

Tulianza mazoezi ya kwenda polepole. Mzee Lihepa alitufundisha kuchechemea, kushika kiuno, kusimama katikati ya njia na kusahau tulikokuwa tunakwenda. Wengi walifaulu. Yeye mwenyewe alipopimwa, karani alipuliza filimbi, na mtu aliyeitikia filimbi kwa miaka thelathini hakuweza kujizuia. Alizunguka kwa dakika nne na sekunde kumi. Akarudishwa nyuma akiwa na miaka sabini na mbili. Alirudishwa tena mara mbili baada ya hapo, na kila mara alituambia akitweta, "Jamani, nimeisikia tu ile filimbi, miguu ikaondoka."

Bi Mashavu alifaulu mara ya kwanza. Moshi ulikuwa umekuwa ukungu, na tulikuwa tunakimbia tumefungana kamba ya katani, ncha moja kiganjani kwake na nyingine kwangu. Siku ya kipimo kamba hairuhusiwi. Aligonga nguzo mbili na dirisha moja la kuchorwa, akatumia dakika kumi na moja. Bwana Mlekwa aliandika: "Mzee, bila shaka yoyote."

Kwa kadi moja kwa mwezi, foleni ilisogea kama inavyosogea. Walio mbele walipungua zaidi kwa kufa kuliko kwa kupata kadi, na uwanja wetu ukapata mpaka wa mawe pande zote. Mwaka wa kumi, mwezi wa sita, jiwe lenye shati la khaki likawa la kwanza. Nyuma yake la kwangu. Bi Mashavu wakati huo alikuwa anaona mwanga na vivuli, basi. Hospitali ilikuwa imempima tena: bado mtoto wa jicho, bado anatoka, lakini afanye haraka, asipitishe miezi miwili. Dirisha lilikuwa lifunguliwe Jumatano. Usiku wa Jumanne sidhani kama alilala. Alikuja alfajiri amevaa gauni jipya na amebeba sindano ndani ya kiberiti.

"Nitaanza na kifungo cha hili shati," akaniambia akilipapasa jiwe. "Kinaning'inia."

Jumatano hiyohiyo Wizara ilikuwa imeamua kuadhimisha miaka sita ya klabu, kwa hesabu yake inayoanzia uzinduzi. Mheshimiwa alikuja kuweka jiwe la msingi la Jengo la Klabu, litakalokuwa na bwawa la kuogelea na chumba cha kupumzikia viongozi. Mafundi walitafuta mahali penye mwanga mzuri wa kamera, wakapapata: kati ya jiwe la Bi Mashavu na Dirisha Namba Moja, hatua mbili tu. Wakachimba, wakamwaga saruji. Mheshimiwa akashika mwiko, akapaka mara tatu, akaweka jiwe la marumaru lenye jina lake kwa herufi za dhahabu. Wimbo ukapigwa. Tulisimama wote, jezi zetu juu ya nguo.

Wimbo ulipokwisha, saa nne kamili, Dirisha Namba Moja lilifunguka. Bwana Mlekwa alichungulia, akainua kadi moja tupu.

"Aliye mbele," akaita.

Bi Mashavu alipiga hatua. Nilimshika mkono.

"Samahani, mama," karani akasema. "Naona jiwe jingine mbele yako."

Watu wakacheka. Walidhani anatania. Bwana Mlekwa hakuwa mtu wa utani. Alitazama marumaru, akatazama shati la khaki, akasema hatamhudumia mtu kinyume cha utaratibu wa foleni mbele ya Waziri, kwa kuwa utaratibu huo Wizara imeusajili pamoja na klabu. "Katibu yuko wapi? Atusomee kanuni."

Nilikuwa na daftari kwapani. Lilikuwa kuukuu, wino umefifia, na hakuna mtu mwingine aliyeweza kuusoma mwandiko wake. Mzee Lihepa alikuja mbio kutoka mwisho wa foleni, akaninong'oneza, "Sema limeliwa na mchwa. Mwalimu, sema chochote."

Ningeweza. Ukurasa ule ulikuwa mbele ya macho yangu peke yangu. Lakini kamera zilikuwa zimenigeukia, Mheshimiwa alikuwa ananitazama kwa heshima, na kwenye ratiba nilikuwa nimeona jina langu: Nishani ya Katibu Bora, saa tano na nusu. Na zaidi ya hayo, niseme yote, zilikuwa kanuni zangu. Kwa miaka kumi hakuna aliyewahi kuzivunja.

Nikasoma kwa sauti. Jiwe lililo mbele liko mbele, liwe la nani. Nikasoma ya pili. Nikasoma na ya tatu.

Mheshimiwa Kidevu alifuta jicho kwa leso. "Mimi ni kijana wenu," akasema, "lakini siwezi kuvunja kanuni za wazee wangu." Akapokea kadi kwa mikono miwili. Hakuwahi kutibiwa ndani ya nchi hii tangu awe waziri, na kadi tuliikuta baadaye juu ya kiti chake, chini ya chupa ya maji. Ilikuwa na jina lake, hivyo haikumfaa mtu mwingine.

Bi Mashavu alibaki amesimama palepale na mkono wake ndani ya wangu. "Umesoma vizuri, Mwalimu," akasema, akautoa.

Mwezi uliofuata Bwana Mlekwa alifungua dirisha, akaita, "Mheshimiwa Kidevu!" Jiwe lilikuwa bado pale, limeshikwa na saruji. Tulimwambia huyu ameshapewa. Akatuuliza ni kanuni ya ngapi inayosema jiwe linapoteza nafasi mwenyewe akishapewa. Hakuna. Mimi sikuiandika, kwa sababu siku zote mtu akipata kadi alibeba jiwe lake akaenda zake. Ridhaa ya mwenyewe ilitakiwa, na mwenyewe alikuwa ng'ambo akiangaliwa magoti. Kadi ya pili ikaandikwa jina la Mheshimiwa. Ya tatu pia. Niliandika barua saba kuomba ridhaa, na nakala zake ninazo.

Katika mwezi huo wa tatu Mzee Lihepa alianguka akiwaongoza wenzake mzunguko wa asubuhi. Hospitali walimwuliza kadi. Alifariki akiwa na miaka sabini na tisa, kijana kwa mujibu wa kumbukumbu za Idara. Jiwe lake tumeliweka mahali pa kupigia penalti.

Jibu la Mheshimiwa lilifika mwezi wa tano tangu sherehe, kwenye karatasi nzito yenye nembo: "Nimeridhia kupitwa." Bi Mashavu alipata kadi yake. Alipopigwa picha aliambiwa atazame mbele, akatazama pembeni. Nilimpeleka hospitali mwenyewe. Daktari, msichana mpole, alimmulika jicho moja, akammulika la pili, akazima tochi.

"Mama," akasema, "mbona hukuja ile miezi mitatu minne iliyopita?"

Bi Mashavu akainuka, akapapasa mlango. Njiani aliitoa ile kadi akaniambia nimsomee. Nikasoma: "Mwenye kadi hii atatibiwa bure kwa maisha yake yote."

"Unasoma vizuri," akasema. "Kama siku ile."

Wizara imeniomba nimalizie kwa mafanikio. Klabu ina wanachama hai mia moja na sita, jezi, wimbo, na jiwe la msingi. Mimi nina nishani. Mambo mengine ni madogo, lakini ukurasa wa nane bado una nafasi.

Wiki iliyopita Bi Mashavu alinijia na kile kiberiti. Kifungo cha shati la jiwe lake kilikuwa kimekatika, akaniomba nimtungie uzi. Niliinua sindano kwenye mwanga. Nikalamba uzi, nikajaribu, ukapita pembeni. Nikajaribu tena. Niliona matundu mawili, na yote mawili yalikuwa na moshi. Alinisikiliza nikihangaika, na mara ya nne akauliza, "Tangu lini?"

"Tangu mfungo," nikasema. "Jicho la kushoto. Sasa na la kulia."

Akaninyang'anya sindano, akamwita mpita njia, akatungiwa. Alishona kifungo kwa kupapasa, mishono sita iliyonyooka kabisa, akalivisha jiwe. Kisha akalirudisha mahali pake, mbele ya langu.

"Bi Mashavu," nikasema, "wewe umeshapata kadi."

"Jiwe halipitwi ila kwa ridhaa ya mwenyewe. Si ndivyo ulivyoandika?"

"Ndivyo. Nakuomba ridhaa, dada yangu. Dirisha linafunguliwa Jumatano."

Alikusanya vitu vyake taratibu, akafunga kiberiti.

"Mheshimiwa ulimwomba kwa barua," akasema. "Na mimi niandikie. Nikishaisoma mwenyewe, nitakujibu."

Nimeiandika. Nimetumia herufi kubwa.